Mgeni atajuaje kama utamaduni wa Watibeti anaoonyeshwa ni halisi, na je, kufika kwake kunauharibu?

Msafiri wa Milimani aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo ya wale waliosoma kuhusu maeneo ya Watibeti au waliowahi kuyafikia, iwe ni ndani ya China, Ladakh nchini India, Mustang nchini Nepal, au makazi ya wakimbizi kama yale ya Dharamshala, pia nchini India. Ninapanga safari ya huko pamoja na wenzangu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kukwama. Wasafiri wengi hulalamika kwamba wamefika wakiwa wamechelewa: Lhasa, mji mkuu wa Tibet, imejaa maduka, watawa wana simu za mkononi, na kwenye sikukuu za monasteri kamera ni nyingi kuliko waumini. Wengine husema kinyume chake, kwamba bila fedha za watalii monasteri nyingi zisingekarabatiwa na vijana wasingeona sababu ya kujifunza sanaa za wazee wao.

Nina maswali matatu. Ngoma ya vinyago iliyohamishwa kutoka majira ya baridi hadi kiangazi ili watalii waione, je, bado ni ibada? Nikinunua picha takatifu iliyochorwa kwa ajili ya soko, ninamsaidia fundi au ninamzoesha kuchora ovyo? La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: mimi mgeni nina haki gani ya kusema kwamba hiki ni halisi na kile si halisi? Ningeshukuru kupata majibu ya kina, kwani sina haraka.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Msafiri, ningeanza na hilo swali lako la tatu, kwa sababu likishapata jibu, hayo mengine mawili yatakuwa mepesi zaidi.

Chukua mfano wa mji wa Zhongdian katika mkoa wa Yunnan, ambao Watibeti huuita Gyalthang. Kwa miaka mingi uchumi wa eneo hilo ulitegemea magogo. Mwaka 1998, baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze, serikali ya China ilipiga marufuku ukataji wa misitu ya asili katika sehemu za juu za mto huo, na eneo zima likajikuta halina mhimili wa mapato. Wakuu wa eneo hilo wakageukia utalii. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali kuu ikaridhia mji uitwe Shangri-La, jina la bonde la kubuni katika riwaya ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1933, ambayo mwandishi wake hakuwahi kukanyaga Tibet. Ni rahisi kukisikia kisa hiki na kuhitimisha kwamba mji mzima ni wa bandia. Hitimisho hilo linawaonea wakazi. Monasteri ya Songzanlin iliyo nje kidogo ya mji ilianzishwa mwaka 1679, ikabomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kisiasa iliyoitikisa China kati ya 1966 na 1976, kisha ikajengwa upya kuanzia miaka ya 1980. Kuta unazoziona leo ni changa kuliko mimi, lakini watawa wanaosoma humo ni watoto wa vijiji vinavyoizunguka, na wanavijiji ndio wanaofika siku za ibada. Jina la mji limetoka riwayani; waumini hawakutoka huko.

Sasa tazama upande wa pili wa mji huohuo. Mtaa wa kale wa Dukezong ulikuwa na nyumba za mbao na udongo ulioshindiliwa. Utalii ulipokua, wenye nyumba wengi walizipangisha kwa wafanyabiashara kutoka nje na wao wakahamia kwenye nyumba mpya pembezoni, hivyo nyumba ambazo zamani zilikuwa za familia zikawa maduka, baa na nyumba za wageni. Tarehe 11 Januari 2014 moto ulizuka usiku na kuteketeza zaidi ya nyumba 200, huku mabomba ya kuzimia moto yakishindwa kutoa maji kwa sababu ya baridi kali. Mtaa huo umejengwa tena kwa mtindo wa zamani. Mimi siulizi kama mbao zake ni mpya, kwa sababu nyumba za mbao na udongo zimekuwa zikijengwa upya huko tangu enzi na enzi. Ninachouliza ni nani analala ndani yake, nani anapokea kodi, na nani aliulizwa kabla ya ramani kuchorwa. Hicho ndicho kipimo changu cha uhalisi, na mgeni ana haki kamili ya kukitumia, kwa kuwa hakimtaki awe hakimu wa dini ya watu wengine.

Mdau wa Ngoma alijibu:

Ninakubaliana na Mwalimu kwa sehemu kubwa, lakini swali la ngoma linahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, maana wengi huona mchezo wa uani tu na hawajui kinachoendelea nyuma yake.

Ngoma hiyo huitwa cham, na ni sehemu ndogo inayoonekana ya ibada ya siku kadhaa ambayo kwa sehemu kubwa hufanyika ndani ya hekalu bila watazamaji. Watawa hujifunza hatua zake kwa miaka, kwa kumfuata mwalimu na kwa kurejea vitabu vya mwongozo ambavyo monasteri huvitunza. Tarumbeta ndefu za shaba zinapolia na matoazi yakagongwa, wachezaji hutoka mmoja mmoja, wakiwa wamevaa mavazi mazito ya hariri iliyotariziwa, na huzunguka ua polepole sana, kiasi kwamba mgeni asiyejua maana yake huanza kuchoka baada ya nusu saa. Wapo wachezaji wa kofia nyeusi, ambao kwa mapokeo wanakumbusha kuuawa kwa mfalme Langdarma wa Tibet mwaka 842, anayesimuliwa kuwa aliitesa dini ya Buddha. Katikati ya ua huwekwa sanamu ndogo ya unga uliokandwa, na uovu wa mwaka mzima huingizwa ndani yake kwa maombi. Mwishoni kiongozi wa ngoma huikatakata kwa upanga na vipande hutawanywa. Kwa waumini wa kijijini hicho ndicho kilele, nao husogea mbele wakati huo. Watalii wengi wanakuwa wamekwisha kurudi kwenye magari.

Ladakh ilifunguliwa kwa watalii wa kigeni mwaka 1974. Barabara zinazoingia huko kutoka Srinagar na Manali hupita kwenye milima mirefu ambayo theluji huifunga wakati wa baridi, na kwa hiyo wageni wengi hufika kiangazi. Sikukuu nyingi za monasteri zilikuwa za majira ya baridi, kwa sababu ya msingi kabisa: mavuno ya shayiri yalikuwa yamekwisha kuingizwa ghalani na watu walikuwa na nafasi ya kukaa uani siku mbili nzima. Baadhi ya monasteri zilihamisha sikukuu zao hadi kiangazi. Je, ibada imekufa? Sidhani. Maombi ni yaleyale, sanamu ya unga hukatwa vilevile, na wenye mamlaka ya kuamua tarehe ni watawa wenyewe. Lakini kuna mtu aliyepoteza, naye ni mkulima, ambaye kiangazi yuko shambani akimwagilia. Uhalisi unaopotea hapo si wa hatua za ngoma. Ni wa jamii iliyokuwa ikisimama kuuzunguka ua. Ndiyo maana inanihuzunisha watu wanapojadili vinyago na kusahau wenyeji waliokuwa wakikaa kuvitazama.

Tahadhari moja lakini: si kila sikukuu ya kiangazi imehamishwa. Ile ya Hemis, iliyo maarufu kuliko zote, huadhimishwa kwa heshima ya Padmasambhava, mwalimu anayeheshimiwa kwa kuieneza dini ya Buddha huko Tibet, siku ya kumi na ya kumi na moja ya mwezi wa tano wa kalenda ya Kitibeti, na siku hizo huangukia Juni au Julai tangu zamani. Na ukiwa na ujasiri wa kuvumilia baridi, nenda Spituk au Matho. Huko Matho watawa wawili, baada ya kujitenga kwa muda mrefu katika tafakuri, hutokea wakiwa wamepagawa na miungu walinzi wa bonde, nao hukimbia juu ya kingo za paa wakiwa wamefungwa macho, huku watu wakiwasubiri wawatabirie habari za mwaka unaokuja. Umati unaowasubiri ni wa wenyeji wenye shida zao halisi, na hapo mgeni huelewa bila kuambiwa kwamba yeye ni mtu wa pembeni.

Mpenda Haki alijibu:

Naheshimu yaliyosemwa, ila naona tumeruka jambo zito. Mwalimu anasema tuulize nani aliamua. Katika Lhasa swali hilo lina jibu, na mgeni hawezi kulipata kwa kumhoji mwenyeji wake. Raia wa kigeni haruhusiwi kuingia Mkoa Unaojitawala wa Tibet bila kibali maalumu na mwongoza watalii mwenye leseni, na mwongozaji huyo ana mipaka ya yale anayoweza kusema. Kasri la Potala, lililokuwa makao ya akina Dalai Lama, viongozi wakuu wa dini wa Watibeti, hadi mwaka 1959, Dalai Lama wa sasa alipokimbilia India, liliandikishwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1994 na sasa ni jumba la makumbusho ambalo watu huingia kwa tiketi zenye saa maalumu. Limetunzwa vizuri, kuta zinang'aa, na aliyekuwa mwenye nyumba yuko uhamishoni. Sijui ni kipimo gani cha uhalisi kinachoweza kulipita jambo hilo kimyakimya.

Tangu reli ifike Lhasa mwezi Julai 2006, watalii walio wengi huko ni raia wa China wenyewe. Katika njia ya Barkhor inayolizunguka hekalu la Jokhang, mahujaji huzunguka kwa mwelekeo wa saa, wengine wakijilaza chini kifudifudi kila baada ya hatua chache, huku katikati yao wasichana waliokodi mavazi ya Kitibeti na vito vya kichwani wakipigwa picha na wapigapicha wa kulipwa. Mhujaji hana njia ya kuwaambia wampishe. Napenda kuongeza kwamba mazishi ya angani, ambapo mwili wa marehemu hutolewa kwa tai, yamekatazwa kisheria kutazamwa au kupigwa picha na watalii, na katika hilo mamlaka zimefanya jambo jema. Kifo cha mtu si maonyesho.

Ukienda Lhasa, ndugu Msafiri, usimuulize mtu yeyote maswali ya siasa mbele ya wengine. Wewe utapanda ndege na kuondoka; yeye atabaki.

Fundi Rangi alijibu:

Nijibu la picha takatifu, kwa kuwa nimejifunza uchoraji na suala hili liko moyoni mwangu.

Thangka, yaani hiyo picha takatifu, huanza na kitambaa cha pamba kinachoshonwa na kuvutwa kwenye fremu ya mbao hadi kiwambwe kama ngozi ya ngoma. Hupakwa gundi ya ngozi iliyochanganywa na chaki, kisha husuguliwa kwa jiwe laini hadi nyuzi zisionekane. Fundi hachori anavyopenda: kila Buddha ana gridi ya mistari na vipimo vyake, na uso ukizidi kipimo kwa upana wa kidole picha haifai kwa ibada. Rangi za asili hutokana na madini yaliyosagwa, bluu ya azuriti, kijani cha malakiti, nyekundu ya sinabari, na dhahabu huja karibu na mwisho. Macho hufunguliwa mwisho kabisa. Picha ikikamilika, mtawa huandika silabi takatifu nyuma yake na kuibariki, na kuanzia hapo si pambo tena.

Katika maduka yanayoizunguka stupa (jengo takatifu lenye kuba) ya Boudhanath jijini Kathmandu, Nepal, utakuta za kila aina: zilizopigwa chapa kwenye kitambaa cha hariri, zilizochorwa haraka kwa rangi za viwandani, na zilizofukizwa moshi ili zionekane za kale. Hizo za moshi ndizo ninazozichukia, kwa sababu zinamdanganya mnunuzi na pia zinamfunza kijana kwamba umri unathaminiwa kuliko kazi. Lakini mchoro rahisi uliochorwa na mwanafunzi na kuuzwa kwa jina la mchoro wa mwanafunzi hauna kosa lolote. Wachoraji wengi wa Boudhanath ni Watamang na Wanewar, makabila ya Nepal, si Watibeti, na baadhi yao ni mafundi bora kabisa; asili ya mchoraji haikupi jibu kuhusu ubora wa mchoro. Mwulize muuzaji nani alichora, kwa muda gani, kwa rangi zipi. Anayejua atakueleza kwa furaha, tena kwa kirefu. Huko Rebkong, mkoani Qinghai, ambako sanaa hii imo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu mwaka 2009, soko ndilo linalowaweka mafundi kazini, na sioni aibu yoyote katika hilo, kwani hata zamani mchoraji alilipwa na aliyeagiza.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Lo Manthang, mji wenye ukuta katika Mustang ya Juu, eneo ambalo Nepal ililifungulia wageni mwaka 1992. Hekalu la Thubchen la karne ya 15 lilikuwa na michoro ya ukutani iliyofunikwa na masizi na kumomonyoka kwa maji ya paa lililovuja. Kazi ya kuiokoa ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 chini ya wataalamu wa kigeni waliowafundisha wenyeji, wanaume kwa wanawake. Baada ya kusafisha, wakafikia maeneo ambayo mchoro ulikuwa umepotea kabisa. Kanuni za uhifadhi zinazofuatwa na wataalamu wengi husema pengo liachwe, usibuni kisichokuwepo. Wenyeji walitaka miungu yao ikamilishwe, kwa kuwa huwezi kumsujudia Buddha asiye na uso. Mapengo yakachorwa upya, na wakosoaji wakasema kazi ya kale imeharibiwa. Kila upande ulitumia hoja ya uhalisi: mmoja ukiona ukuta kama hati ya historia, mwingine ukiona ni mahali pa kusali. Mimi nasimama na wenye hekalu. Jengo hilo halikuwa magofu. Lilikuwa na watu wanaosali ndani yake, na mchoraji wa karne ya 15 naye aliwachorea watu wa kusali.

Msafiri wa Milimani aliandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Ndugu Mpenda Haki, maneno yako kuhusu Lhasa yamenigusa, na wenzangu nami tumeamua tutaishia Ladakh na Dharamshala. Hata hivyo limezuka swali jingine. Huko uhamishoni karibu kila kitu kimeanzishwa baada ya mwaka 1959, tena mara nyingi kwa msaada wa wageni na mbele ya wageni. Ikiwa taasisi ina duka na bustani ya kutembelea, je, si inaangukia palepale tulipokuwa tunapakosoa?

Mdau wa Ngoma alijibu:

Hapana, na sababu iko katika mpangilio wa mambo. Chuo cha Sanaa za Maonyesho cha Watibeti, kinachojulikana kwa kifupi TIPA, kilianzishwa mwaka uleule wa 1959, wakati wakimbizi walikuwa hawajapata hata makazi ya kudumu. Watu waliopoteza kila kitu walikusanya kwanza waimbaji wa tamthilia ya lhamo waliokumbuka mistari. Watalii walikuwa bado hawajafika. Taasisi ya Norbulingka karibu na Dharamshala ilikuja mwaka 1988, na ni kweli ina duka, bustani na mkahawa. Mapato yake hugharamia wanafunzi wanaojifunza uchoraji wa thangka, uchongaji wa mbao na picha za vipande vya hariri, na ukiruhusiwa kuingia karakana utamkuta mwanafunzi akichora kichwa kilekile cha Buddha kwa penseli mara nyingi kabla hajakabidhiwa brashi. Mteja anasaidia kulipia subira hiyo.

Nakubali kwamba soko huacha alama. Mazulia ya wakimbizi yaliyoanza kufumwa Jawalakhel, katika bonde la Kathmandu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Waswisi, yalikuwa na rangi kali na ukubwa wa kulalia mtu mmoja. Wanunuzi wa Ulaya walitaka makubwa yenye rangi zilizofifia, na wafumaji wakawapa. Fundo la Kitibeti linalofungwa kwa kuzungushia ufito wa chuma lilibaki, lakini nakshi za mazimwi na maua zilipungua katika mazulia ya kuuza nje. Familia nyingi zilijitegemea kwa kazi hiyo, na sioni wa kuwalaumu.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Niongeze la Ladakh, kwa kuwa ndiko mnakokwenda. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji kadhaa vya hifadhi ya Hemis, Rumbak kikiwa kimojawapo, vimekuwa vikiwapokea wageni majumbani badala ya kuwaachia mahema ya makampuni. Wanawake wa nyumba ndio wasimamizi wa shughuli hiyo, na mgeni hula jikoni pamoja na familia, mbele ya rafu za vyungu vya shaba na jiko kubwa lililo fahari ya kila nyumba ya huko. Kaya hupokezana zamu ili mapato yasiishie kwa wachache, kwa hiyo msichague nyumba kwa kuangalia picha zake mtandaoni. Mkifika kijijini, mwulizeni mtu wa kwanza mtakayekutana naye zamu ni ya nani, na mwende huko atakakowaelekeza, hata kama nyumba ya jirani ina choo kizuri zaidi. Chukueni fedha taslimu za rupia kutoka mjini Leh, na kama mnataka kupiga picha za wenye nyumba, ombeni kwanza na mkubali wakikataa.